Mzee Twalibu Anaondoka kwa Mwendo Wake

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Twalibu Sefu atastaafu rasmi katika Studio Jicho Zuri ya hapa Buyenzi, Bujumbura, alikoanza kazi mwaka 1998. Ni miaka ishirini na saba ya utumishi. Kwa hesabu yake mwenyewe ni ishirini na sita, kwa sababu kuna mwaka umeme ulikatika mno na yeye anasema huo si mwaka wa kazi. Uongozi wa studio, yaani Bwana Karimu, umeamua kuuhesabu.

Mimi Assia, ninayepokea wateja na kutengeneza majalada ya diski, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Niliambiwa niandike mazuri yake. Nimejitahidi.

Mzee Twalibu ni mzaliwa wa Buyenzi, mtoto wa fundi cherehani. Aliingia studio akiwa fundi wa kanda, enzi zile harusi moja ya Bujumbura ilijaza kanda tatu, na mwenye harusi alizibeba nyumbani ndani ya mfuko kama mikate. Alijua kuunga kanda iliyokatika kwa wembe na gundi, na alipomaliza hukuona mahali palipoungwa. Kisha kanda zikafa, zikaja diski. Mzee akanuna kwa muda, halafu akajifunza. Zikaja video za simu, akanuna tena. Tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa kulichukua faili la video, liwe limetoka kwenye simu, kwenye fleshi au kwa ndugu aliye ng'ambo, na kuligeuza DVD ambayo bibi anaweza kuitia kwenye deki yake na kuitazama bila kumwita mjukuu.

Wasioijua kazi hii hudhani ni kubonyeza kitufe. Anayebonyeza kitufe tu hupata DVD inayokatika-katika. Bibi harusi anainua mkono, mkono unakwama hewani, kisha unatokea mahali pengine. Watu waliosimama wanarukaruka. Mzee Twalibu huitazama DVD ya namna hiyo kwa dakika moja, anavuta midomo, kisha anataja ugonjwa. Simu imechukua picha thelathini kwa sekunde na DVD ya huku kwetu inataka ishirini na tano, kwa hiyo mashine imezitupa tano bila kuchagua. Au mistari ya picha imesomwa kinyume, ya chini kabla ya ile ya juu, ndiyo maana mtu anakwenda mbele na kurudi nyuma kama anayetafuta ufunguo aliouangusha. Au faili limefungwa zito mno na deki ya mteja inahema. Au diski imechomwa kwa haraka, na akifika hapo huwa ananitazama mimi.

Dawa zake zinajulikana, na vijana wengi waliopita hapa wamezichukua wakafungua studio zao. Jambo ambalo hawakulichukua ni Hakimu. Hakimu ni deki ya DVD, ya zamani kuliko wafanyakazi wengine wa studio hii, ambayo mlango wake haujifungi bila kusaidiwa na kijiko cha chai. Ni deki mbovu kupita zote tunazozijua, na kwa sababu hiyo Mzee Twalibu alikataza isitengenezwe. Sheria yake ni kwamba diski haitoki mlangoni mpaka Hakimu aicheze yote, mwanzo hadi mwisho, na yeye mwenyewe akiwa amekaa mbele yake. Hakimu akiimeza bila kukwama, basi itachezwa nyumba yoyote kuanzia Carama mpaka Gatumba.

Yote maana yake ni yote. Hasogezi mbele hata hotuba. Wasemaji wa posa katika mji huu ni watu wenye pumzi, na Mzee Twalibu amewasikiliza wote mpaka wakakaa chini. Ukimwambia aruke kidogo, hukujibu kwamba maharusi walizisikiliza wakiwa wamesimama, na wewe uliyekaa kwenye kiti unalalamikia nini.

Matokeo yake, amehudhuria harusi nyingi kuliko padri na shehe wakiwekwa pamoja, na hakualikwa hata moja. Anawajua watu wasiomjua. Siku moja msibani Mutanga Nord alimpa pole mama mmoja kwa jina lake, akamuulizia dada yake anayelia kwa urahisi, kisha akataka kujua kama yule shemeji wao alishamaliza kuhutubia. Mama yule alihama kiti. Watu wanaotaka kuposa humjia kimyakimya kuuliza tabia za ukoo fulani, naye huwajibu kwa ushahidi. Mjomba wao hula kabla ya dua. Shangazi yao ni mtu mwema, maana ndiye aliyemfuta kamasi mtoto wa jirani kwa kitenge kipya. Ndoa mbili zimeahirishwa kwa sababu ya ushahidi wa aina hii, na moja ilistahili.

Nisiseme hana kasoro, watu wa Buyenzi watanicheka. Haruhusu feni iwashwe karibu na Hakimu, hata mwezi wa tisa wenye joto kali. Anaamini studio nyingine zote za mji huu zinaharibu kazi kwa makusudi. Hajui kusema samahani. Akikosea husema «tuanze upya», kana kwamba tulikosea wote. Na kwa miaka hii mitano goti lake la kushoto limegoma, anachechemea mchana kweupe, lakini kwa muda mrefu yeye alisema ngazi za chumba cha kazi ndizo zilizojengwa vibaya. Fundi mwashi aliletwa akazipima. Akasema ngazi ziko sawa. Mzee Twalibu akasema mwashi naye ni mbovu.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo Bwana Karimu alipendekeza nisiiandike, na Mzee Twalibu mwenyewe akaagiza niiandike.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, siku ya Jumatatu, alikuja binti mmoja wa Kikongo aitwaye Nsimire. Anauza vitenge sokoni, anaishi Carama, na baba yake Mzee Honoré anaishi Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameolewa wiki tatu kabla. Familia ya mume wake, watu wa Kiriri, mtaa wa matajiri, walikuwa wamelipia studio kubwa yenye kamera ya kupaa angani, na filamu ilikuwa nzuri. Ila ilikuwa na pengo. Gari linafika getini mwa kanisa, yanaonyeshwa maua ya mezani, halafu ghafla baba ameshafika madhabahuni na anamkabidhi binti yake. Ule mwendo wote kutoka getini hadi madhabahuni, baba akiwa amemshika binti mkono na wasimamizi wakiwafuata nyuma, haumo. Alipouliza, aliambiwa sehemu ile haikutoka vizuri.

Kwa bahati kaka yake, Prodige, aliupiga mwendo huo wote kwa simu. Nsimire akaiweka simu mezani kwangu. «Dada Assia, mi nataka ile tu,» akasema. «Banatosha papa, banaweka maua. Siku ya posho bazee ba pande zote mbili banakuja kwangu Carama kuangalia picha. Nataka baone papa ananipeleka.» Kutosha kwa Wakongo ni kutoa, na posho ni Jumamosi. Alitaka kitu kimoja tu, baba yake aonekane akitembea, na alikitaka kabla ya Jumamosi.

Mzee Twalibu alikuwa nyuma yangu, na katika maneno yote hayo alisikia jambo moja tu, kwamba studio kubwa imeshindwa. Nilimwona anakunja mikono ya shati.

Lile faili kweli lilikuwa linakatika-katika. Tuliliona wote. Baba anapiga hatua, anazama upande wa kulia, anakwama kidogo, kisha anaruka mbele. Bibi harusi naye vilevile. Tena wasimamizi wote nyuma yao, wanawake kwa wanaume, wanazama, wanakwama, wanaruka. Mzee akavuta midomo, akataja ugonjwa wa kwanza, akatibu. Hakikubadilika kitu. Akabadili mpangilio wa mistari. Akapunguza uzito wa faili. Akachoma diski polepole mpaka wateja wakaondoka. Msafara uliendelea kuzama na kuruka.

Jumanne alitafuta shahidi. Ni njia yake: kama picha inakatika, basi kila kitu ndani yake kitakatika, kwa hiyo tafuta kitu kingine kinachotembea. Mle uwanjani mwa kanisa kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kinatembea nje ya msafara, nacho ni kuku. Tulimtazama yule kuku asubuhi nzima. Tatizo la kuku ni kwamba hata akiwa mzima wa afya hutembea kwa kukatika. Ushahidi wake haukukubaliwa.

Jumatano akagundua kwamba hata ngoma ya kwaya inakwama pamoja na miguu. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana picha ikiharibika wakati wa kugeuzwa, ngoma haina sababu ya kuisubiri. Yeye akasema sauti nayo imeharibika, na hiyo ndiyo kazi ya simu za siku hizi.

Basi akaamua kupasua. Akazitoa picha za pale mguu unapozama, moja baada ya moja. Akazichanganya picha zinazopakana ili zizae picha ya katikati. Akapunguza mwendo. Ngoma akaiondoa kabisa, na mahali pake akaweka kwaya ya harusi moja ya Mutanga Nord, maana Mzee Twalibu ni Mwislamu safi lakini kwaya za makanisa ya mji huu anazijua zote kwa majina na kwa makosa yao. Alhamisi saa sita mchana alituita. Msafara ulikuwa unateleza kama maji. Sijawahi kuona kazi safi namna ile, na nilimwambia hivyo, naye alikubali.

Alhamisi hiyohiyo alasiri Nsimire alikuja kuitazama, na akaja na baba yake, aliyekuwa amevuka mpaka siku hiyo. Mzee Twalibu alikuwa ametupa mgongo, anamfunga Hakimu mlango kwa kijiko. Kwa hiyo ni mimi niliyewaona wakiingia. Mzee Honoré alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya kijivu, na alipiga hatua moja, akazama upande wa kulia, akakwama kidogo, kisha akaruka mbele. Binti yake, pembeni yake, akazama naye. Ugonjwa tulioutafuta wiki nzima ulikuwa umeingia mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, ukatusalimia.

Nilimkanyaga Mzee Twalibu mguu ili ageuke. Kwa bahati mbaya nilikanyaga ule wa kushoto, akanifokea, na Hakimu akaanza kucheza.

Tulikaa kwenye benchi, sote. Kwenye runinga baba wa bibi harusi alitembea wima, taratibu, hatua sawasawa, na watu wote nyuma yake hatua sawasawa. Nsimire alianza kulia. Mzee Twalibu alimtazama kwa kuridhika, maana wateja wengi hulia. Mzee Honoré aliinama mbele, akaangalia kwa makini.

«Uyu mutu anatembea muzuri sana,» akasema. «Ni nani?»

«Papa, ni we.»

«Apana,» akasema Mzee Honoré. «Siku ile batu bote balitembea kama mi. Aba ni batu bengine.»

Hapo ndipo Nsimire alipotueleza. Baba yake aliumia nyonga miaka mingi iliyopita akipakua mizigo bandarini. Kabla ya harusi, watu wa Kiriri walipendekeza, kwa adabu kabisa, kwamba mjomba mmoja ampeleke bibi harusi badala ya baba, ili picha zitoke vizuri. Nsimire alikataa. Wasimamizi wake wakakusanyika uani Carama, na siku nyingi wakafanya mazoezi ya kuzama upande wa kulia, kukwama, na kwenda, kama mzee anavyokwenda. Mpiga ngoma wa kwaya akajifunza kuusubiri mguu wake. Hivyo siku ya harusi mzee hakuchechemea peke yake mbele ya watu. Alichechemea na ukoo mzima, na kwa kuwa wote walikwenda namna moja, wageni wengine walidhani ni mtindo mpya wa kucheza kutoka Uvira.

Kwa maneno mengine, Mzee Twalibu, bila kulipwa hata senti na mtu wa Kiriri, alikuwa amewafanyia kile walichoomba.

Hakimu aliendelea kucheza. Mzee Twalibu aliinuka, akazima, akasimama mbele ya Mzee Honoré, akasema: «Samahani, mzee wangu.» Bwana Karimu, aliyekuwa mlangoni, aliangalia dari kana kwamba sauti imetokea huko. Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kuliandika.

Mzee Honoré akamjibu: «Apana, si kitu. Ulinipa muguu mupya. Lakini si wangu.»

Kazi ilikuwa bado haijaisha, kwa sababu simu ya Prodige nayo haikuwa malaika. Ndani ya lile faili mlikuwa na kukatika kwa aina mbili, kwa simu na kwa mzee, na ilibidi ya simu iondoke na ya mzee ibaki. Hakuna mashine inayojua tofauti hiyo. Basi Mzee Twalibu akamwomba Mzee Honoré atembee kwenye korido yetu, kwenda na kurudi, ili amtazame. Alimtazama kidogo. Kisha akashuka zile ngazi mbovu, akaenda kutembea naye bega kwa bega, mmoja anazama kulia, mwingine anazama kushoto, wanagongana mabega kila hatua. Walipofika mwisho wa korido Mzee Honoré alimuuliza alianza lini kuchechemea. Mzee Twalibu akasema ni goti, mwaka wa kwanza sasa. Hilo la mwaka wa kwanza lilikuwa uongo, lakini neno goti alilitamka kwa kinywa chake. Tangu siku hiyo ngazi hazijalaumiwa.

Ijumaa alianza upya. Aliirudisha ngoma ya kwaya, akaifanya ndiyo kipimo: kila picha inayokwama pamoja na ngoma aliiacha, kila inayokwama bila ngoma aliitengeneza. Jumamosi asubuhi Hakimu aliicheza mpaka mwisho, na Nsimire akaenda nayo Carama. Msafara wote ulikuwa unazama, unakwama, unakwenda. Jalada nililitengeneza mimi, na mbele niliweka picha ya mwendo. Maua sikuweka.

Wazee wa pande zote mbili waliitazama jioni hiyo. Hatukuwepo, na Nsimire alituambia tu kwamba watu wa Kiriri walikaa mpaka mwisho, na kwamba chai ilinywewa. Jumatatu mama mkwe wake alimtuma dereva kuomba nakala ya harusi ya mwanawe. Mzee Twalibu akamuuliza dereva ni nakala ya filamu ipi, kwa kuwa ziko mbili. Dereva alipiga simu, akauliza, akarudi.

«Mama anasema ile yenye papa.»

Mzee Twalibu aliichoma polepole kuliko zote. Ile diski safi, ya watu wanaoteleza, hakuitupa. Ipo juu ya kabati lake, haina jalada, na wanafunzi wote wa kazi huonyeshwa siku yao ya kwanza kama mfano wa kazi mbaya.

Mwaka huu mwezi wa saba, alitangaza mwenyewe kwamba goti limemwomba apumzike. Studio ilimuuliza anataka zawadi gani. Alisema hataki kitu. Tumemnunulia kiti chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mguu. Hakimu atabaki kazini pamoja na kijiko chake, na sheria ya kutazama mpaka mwisho itabaki, ingawa Bwana Karimu ameuliza mara mbili kuhusu hotuba.

Mzee Twalibu, kwa niaba ya wenzako wote wa Studio Jicho Zuri, tunakushukuru. Umetufundisha kutoamini mashine, kutoamini simu, na tangu mwaka juzi kutojiamini wenyewe haraka. Tutakukumbuka kila feni itakapowashwa. Mungu akupe afya na siku ndefu pamoja na wajukuu, na kama kuna harusi utakazoalikwa sasa, basi ukae mbele.

Kuhusu ratiba ya Ijumaa, kuna jambo moja ambalo hukuambiwa, na unalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Baada ya pilau hutaondoka kwa gari. Tutakusindikiza kwa miguu kutoka mlango wa studio mpaka nyumbani kwako. Mzee Honoré amevuka mpaka kwa ajili hiyo, Nsimire yupo na mama mkwe wake, na Prodige atapiga video kwa simu ileile. Kila ulipokwenda kusali, sisi tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye korido. Kulitokea ubishi kidogo, kwa kuwa Mzee Honoré huzama kulia na wewe huzama kushoto, lakini yeye mwenyewe amesema siku ni yako. Sote tutazama kushoto.

DVD ya siku hiyo itakatika-katika. Hakimu ataicheza mpaka mwisho, na hakuna mtu atakayeitengeneza.